Saskatoon: mji uliojengwa juu ya parseli zilizokosa wenyewe

Mji unapokua, nani analipa gharama? Na nani anasogezwa pembeni ili wengine wapate nafasi? Maswali hayo wakaaji wa Goma, Bukavu na Bunia wanayajua vizuri. Lakini hata mbali sana, katikati ya nyanda za nyasi za Kanada, kuna mji ambao umebishana juu ya maswali hayo kwa zaidi ya miaka 140. Unaitwa Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan. Si mji mkubwa kama Toronto wala Montréal. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta wakaaji 266,141. Baridi ya huko hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na mto unaopita katikati ya mji huganda kwa miezi.

Saskatoon ni mmoja wa miji ambayo serikali ya Kanada hupelekea wakimbizi inaowachukua kwa gharama yake, wengi wao kwa njia ya HCR. Kati yao wamo Wakongomani waliopita miaka mingi katika kambi za nchi jirani. Kwa hiyo kwa baadhi ya familia, historia ya mji huu ndiyo historia ya mahali ambapo ndugu yao amepata nyumba.

Mkimbizi aliyeonyesha mahali

Jina la mji limetoka katika lugha ya Wakree, wenyeji wa nyanda hizo. Ni jina la tunda dogo la zambarau linaloota kando ya mto. Mwaka 1876 machifu wa Wakree na wenzao walitia sahihi Mkataba wa 6 na serikali ya malkia wa Uingereza. Walichoahidiwa ni ardhi yao ya akiba, zana za kulima, malipo ya kila mwaka na msaada wakati wa njaa. Serikali ikahesabu kwamba ardhi nyingine yote imekuwa yake, ikaanza kuigawa.

Mwaka 1882 chama kimoja cha Toronto, cha watu waliopinga pombe, kilipewa ardhi kubwa ili kianzishe makao yasiyo na ulevi. Kiongozi wake John Lake alisafiri kutafuta mahali pa kuweka mji. Aliyemshauri ni Chifu Whitecap wa Wadakota. Alimwonyesha sehemu ya mto Saskatchewan Kusini ambayo ingefaa watu kukaa na kuvuka. Mwaka uliofuata walowezi wa kwanza walifika. Treni iliwaacha Moose Jaw, wakamaliza safari kwa mikokoteni ya ng'ombe na farasi.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba serikali ilimhesabu Whitecap mwenyewe kuwa mkimbizi. Baada ya vita vya mwaka 1862 huko Minnesota, Marekani, Wadakota wengi walivuka kwenda kaskazini. Kanada iliwapa kipande cha ardhi kusini ya mahali ambapo Saskatoon ingejengwa, lakini ikawanyima mkataba kwa sababu iliwaita wageni. Wao walisema siku zote kwamba wazee wao walitembea na kuwinda katika nyanda hizo kabla mpaka haujachorwa. Mwezi wa saba mwaka 2024, serikali ya Kanada iliomba msamaha rasmi kwa mataifa ya Wadakota na Walakota kwa kuwatendea hivyo. Jina la mkimbizi lilikuwa limewakaa kwa zaidi ya karne moja.

Reli yahamisha mji

Walowezi wa kwanza walijenga upande wa mashariki wa mto. Mwaka 1890 reli ilifika, ikavuka mto, na kituo cha treni kikawekwa upande wa magharibi ambako ardhi ni tambarare. Biashara ikafuata treni. Upande wa magharibi ukachukua hata jina la Saskatoon, na makao ya mwanzo yakabaki na jina jipya, Nutana. Nje ya njia za reli, upande wa magharibi zaidi, kikazuka kijiji cha tatu, Riversdale, cha wafanyakazi na wageni ambao hawakuweza kununua kiwanja karibu na kituo.

Mwaka 1901 kijiji cha Saskatoon kilikuwa na watu 113 tu. Miaka mitano baadaye vijiji vyote vitatu viliungana kuwa mji. Watu wa Nutana walitaka kwanza ahadi ya daraja la mikokoteni, maana kuvuka kwa kivuko lilikuwa jambo la hatari na la kupoteza muda. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1907. Kwa hiyo mkataba wa kwanza wa kisiasa wa mji huu ulihusu daraja, na mabishano ya madaraja hayajaisha mpaka leo.

Ngoma ikivuma sana hupasuka

Kati ya mwaka 1906 na 1912 Saskatoon ilikua kwa kasi ya kutisha. Jimbo liliamua kuweka chuo kikuu huko. Reli kadhaa zilikutana huko. Hesabu ya mwaka 1911 ilikuta watu 12,004, yaani zaidi ya mara mia moja ya wale wa miaka 10 nyuma. Wafanyabiashara wa viwanja wakaingia. Walinunua mashamba ya ngano kilomita nyingi nje ya mji, wakachora avenyu na parseli kwenye karatasi, wakawauzia watu wa Toronto na hata wa Uingereza ambao hawakuwa wamekanyaga Saskatoon. Kaskazini ya mji kulichorwa kitongoji cha viwanda kilichoitwa Factoria. Waliokitangaza walisema kitakuwa na makampuni mengi na maelfu ya wafanyakazi.

Mwaka 1913 fedha kutoka Ulaya zilikauka, na mwaka uliofuata vita vikuu vikaanza. Bei ya viwanja ikaanguka. Factoria ikabaki majengo machache kwenye nyasi. Mji ukajikuta na deni la mabomba na barabara zilizopelekwa mbali kufuata parseli zilizotawanyika, huku kati ya nyumba na nyumba kukiwa na mapori.

Mwaka huohuo wa 1913 mji ulimwajiri msimamizi mpya, Christopher Yorath, mhandisi kutoka Uingereza. Yeye alichora mpango uliokuwa na barabara kubwa ya kuzunguka mji mzima. Fedha za kuijenga hazikuwepo, lakini wazo halikufa. Barabara hiyo leo inaitwa Circle Drive. Duara lake lilifungwa tarehe 31 mwezi wa saba mwaka 2013, daraja la kusini lilipofunguliwa. Kutoka mchoro hadi kukamilika ilipita miaka 100.

Hasara iliyogeuka kuwa hazina

Hapa ndipo historia ya Saskatoon inapoachana na ya miji mingine mingi. Wenye parseli za karatasi walikoma kulipa kodi. Wengine walikuwa mbali, wengine walifilisika, wengine waliona kiwanja hakina faida tena. Kwa sheria, parseli isiyolipiwa kodi kwa muda fulani ilirudi mikononi mwa manispaa. Katika miaka ya 1920 na 1930, wakati ukame na mdororo wa uchumi ulipopiga nyanda za Kanada kwa nguvu, parseli kwa maelfu ziliangukia mji. Wakati ule hakuna aliyezihesabu kuwa mali. Zilikuwa alama ya kushindwa, ardhi isiyo na mnunuzi wala kodi.

Maisha yalikuwa magumu. Wakaaji walikuwa 43,291 mwaka 1931, na miaka 10 baadaye walikuwa 43,027. Mji haukukua hata kidogo. Mwaka 1932 ulijengwa daraja la Broadway hasa kwa ajili ya kuwapa kazi wanaume wasio na kazi. Lilichorwa na C. J. Mackenzie, mkuu wa kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu, na likajengwa kwa nguvu ya mikono mingi ili watu wengi wapate mshahara.

Baada ya vita vya pili vya dunia mambo yakageuka. Askari walirudi, watoto wakazaliwa, na watu wa mashamba wakahamia mjini. Mwaka 1951 walikuwa 53,268. Mwaka 1961 walikuwa 95,526. Kila mtu alitafuta kiwanja, na mwenye viwanja vingi alikuwa manispaa. Baraza la mji lilikuwa na njia mbili: kuuza vyote haraka kwa wafanyabiashara, au kuvishika na kuviongoza. Lilichagua ya pili. Mwaka 1954 mji uliweka utaratibu wa kudumu wa benki ya ardhi. Fedha za viwanja vilivyouzwa zilinunua mashamba mengine mbele ya mji, kabla bei haijapanda. Kisha mji wenyewe ulipima avenyu, ukaweka maji, mifereji ya maji machafu na nafasi za shule na bustani, ndipo ukauza parseli kwa wajenzi na kwa familia. Mara nyingi viwanja vimegawiwa kwa kura ya wazi, ili fundi mdogo na familia ya kawaida wapate nafasi pamoja na kampuni kubwa.

Utaratibu huo unaendelea mpaka leo. Faida yake imesaidia bajeti ya mji na miradi ya nyumba za bei nafuu. Pia umeizuia Saskatoon kurudia kosa la 1912, kwa sababu mwenye kupeleka bomba ndiye mwenye kuamua ni shamba gani litafunguliwa kwanza.

Hata hivyo una wapinzani. Kampuni za ujenzi zinasema mji unakuwa mwamuzi na mchezaji katika mechi moja: unaandika sheria za ujenzi na papo hapo unauza viwanja. Wengine wanasema mji unaoishi kwa kuuza viwanja utapenda siku zote kufungua mitaa mipya nje, hata kama katikati kuna nafasi tupu. Hoja zote mbili zina uzito, na hazijapata jibu la mwisho.

Waliosogezwa, na waliorudi

Mipango ya mji ina watu wanaofurahi na watu wanaofungasha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wachina waliokuja kufanya kazi za dobi na migahawa walikaa pamoja katika mtaa mdogo karibu na mto, kusini ya katikati ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaa huo ulibomolewa ili kujenga shule ya ufundi. Waliokaa humo walitawanyika, wengi wakavuka kwenda Riversdale. Shule yenyewe ilibomolewa mwaka 2004. Leo eneo hilo linaitwa River Landing, lina bustani, maghorofa na jumba la sanaa la Remai Modern lililofunguliwa mwaka 2017. Kiwanja kimoja, vizazi vitatu vya mipango, na wa kwanza kuhamishwa ndio walikuwa na sauti ndogo kuliko wote.

Katika miaka ya 1960 njia za reli zilizokata katikati ya mji ziliondolewa. Mahali pake pakajengwa barabara ya kasi na, mwaka 1970, soko kubwa la ndani la Midtown Plaza. Wengi walishangilia. Lakini mpaka wa zamani haukufutika kwa kung'oa vyuma. Upande wa magharibi, Riversdale na Pleasant Hill zilibaki mitaa ya watu wa kipato kidogo, na wengi wa Wakree, Wamétis na wenyeji wengine waliohamia mjini kutafuta kazi walikuta nyumba huko.

Mwaka 1988 jambo jipya lilitokea. Taifa la Wakree la Muskeg Lake lilikuwa linadai ardhi ambayo liliahidiwa na Mkataba wa 6 na halikupewa. Serikali kuu ilikuwa na kiwanja kitupu upande wa mashariki wa mji, karibu na mtaa wa viwanda wa Sutherland. Baada ya mazungumzo marefu, kiwanja hicho kilirudishwa kwa Muskeg Lake kuwa ardhi ya akiba ndani ya mji. Wafanyabiashara kadhaa waliogopa kwamba maduka yasiyolipa kodi yatawaua. Mji na Muskeg Lake wakaandikiana mkataba: taifa hilo halilipi kodi ya manispaa, lakini linalipia huduma za maji, zima moto na barabara kwa kiasi kinacholingana na kodi hiyo. Makampuni na ofisi zikajengwa, kazi zikapatikana, na woga ukapungua. Mfano huo umeigwa na mataifa mengine ya wenyeji katika Saskatoon na katika miji mingine ya Kanada. Ulionyesha kwamba kumrudishia mtu ardhi yake ndani ya mji si lazima kuuharibu mji.

Mto nao ulipata mlinzi. Mwaka 1978 mbunifu Raymond Moriyama alitoa mpango wa miaka 100 wa kulinda bonde la mto, na mwaka 1979 ikaundwa mamlaka ya Meewasin, jina la Kikree lenye maana ya uzuri. Kwa sababu yake, kingo za mto katika Saskatoon ni njia za kutembea za watu wote, si nyuma ya nyumba za matajiri wachache.

Kupanuka au kujazana?

Baada ya mwaka 2006 Saskatoon ilivuma tena, kwa bei nzuri ya mbolea ya potashi, urani na nafaka, na kwa wageni wengi kutoka Ufilipino, India, Pakistani na Afrika. Wakaaji walipanda kutoka 202,340 mwaka 2006 hadi 246,376 mwaka 2016. Mitaa mipya kama Stonebridge, Evergreen na Brighton ilifunguliwa pembeni. Miji midogo ya jirani nayo ilivimba: Martensville ikawa mji kamili mwaka 2009, Warman mwaka 2012. Watu walilala huko na kufanya kazi Saskatoon.

Ndipo swali la zamani likarudi: nani analipa? Anayenunua parseli mpya hulipia, ndani ya bei, mabomba makubwa, barabara na bustani. Lakini basi litakalopita huko kila siku, zima moto, polisi, na kufagia theluji kwa miaka 50 ijayo, hayo hayamo katika bei. Yanalipwa na kodi ya mji mzima, pamoja na bibi mjane wa mtaa wa zamani ambaye hajawahi kuomba barabara mpya. Mji ukisambaa sana, kila mkaaji hubeba kipande kirefu zaidi cha bomba.

Madaraja yalionyesha ugomvi huo waziwazi. Mwaka 2010 daraja la 1907 lilifungwa kwa sababu chuma kilikuwa kimeoza. Je, lijengwe upya, liachwe kwa watembea kwa miguu, au liondolewe kabisa na fedha ziende kwenye daraja la kaskazini ambako magari yanasongamana? Mabishano yalichukua miaka. Mwishowe yote mawili yalijengwa, na yakafunguliwa siku moja, tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka 2018. La kaskazini lilipewa jina la Chifu Mistawasis, mmoja wa waliotia sahihi Mkataba wa 6.

Mwaka 2016 baraza la mji lilikubali mpango wa kujiandaa kwa wakaaji nusu milioni. Ulisema mji upunguze kukimbilia nje, ujenge zaidi kandokando ya barabara kubwa, na uweke mabasi ya mwendo kasi. Wenye maduka walihofia nafasi za kuegesha magari. Watetezi wa mazingira nao walisimama upande wa kaskazini mashariki, ambako kuna bonde la majimaji na nyasi za asili. Mitaa mipya inalikaribia, na barabara kubwa ya jimbo imepangwa kulikata.

Ugomvi mkali zaidi ulikuja mwezi wa sita mwaka 2024. Serikali kuu ilikuwa na mfuko wa kuharakisha ujenzi wa nyumba, na fungu la Saskatoon lilizidi dola milioni 40. Sharti lake lilikuwa kwamba kila kiwanja cha mji kiruhusiwe kuwa na nyumba hadi nne, na karibu na njia za mabasi ya mwendo kasi majengo yafike ghorofa nne. Baraza lilisikiliza wakaaji kwa siku kadhaa. Wenye nyumba wengi walisema mitaa yao tulivu itapoteza jua, miti na nafasi ya magari. Vijana na wapangaji walisema kodi ya nyumba imewashinda, na kwamba utulivu wa mwenye nyumba hauwezi kuwa sababu ya mwingine kulala nje. Mwishowe baraza lilipitisha mabadiliko hayo.

Kinachobaki

Saskatoon haijamaliza matatizo yake. Watu wanaolala nje wameongezeka, na kila mahali panapopendekezwa makao ya dharura, majirani hulalamika kwamba kwa nini iwe kwao. Upande wa magharibi bado una mzigo mkubwa kuliko upande wa mashariki.

Lakini kuna mambo mawili ambayo historia yake inafundisha bila maneno mengi. La kwanza ni kwamba ardhi iliyoonekana haina thamani mwaka 1930 ndiyo iliyouwezesha mji kupanga maisha yake baada ya 1954, kwa sababu tu viongozi hawakuigawa kwa marafiki wala kuiuza usiku. Iliandikwa, ikahesabiwa, ikatunzwa kwa jina la wakaaji wote. La pili ni kwamba maamuzi makubwa ya mji huo yalifanywa katika ukumbi wenye mlango wazi. Waliofika na kuzungumza mara nyingi walipata sehemu ya walichoomba. Watu wa Nutana walipata daraja lao. Muskeg Lake walipata ardhi yao baada ya kukaa mezani miaka mingi. Wachina wa miaka ya 1930 hawakuwa na haki hata ya kupiga kura katika jimbo hilo, na mtaa wao ukaondoka.

Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa familia ya Kikongomani inayopanga chumba leo katika upande wa magharibi wa Saskatoon, ukumbi wa baraza una viti vya wananchi, na mkaaji anaweza kuandikisha jina lake ili azungumze kabla ya kura kupigwa. Mistari ya mabasi, bei ya parseli na idadi ya nyumba kwenye kiwanja kimoja huamuliwa humo.